Ukifika Kampala, Panda Old Kampala Kwanza

Wageni wangu wengi kutoka Nairobi na Mwanza huja Kampala kwa sababu ya Kikuubo, soko la jumla la katikati ya mji. Wakishafunga mizigo ndipo huniuliza, "Haya, sasa tutembee wapi?" Mimi huwapandisha kilima cha Old Kampala kabla hata ya kuliona soko. Ukishautazama mji kutoka juu, huko chini hupotei ovyo.

Kilima chenyewe si kirefu. Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza ya IBEA, alipiga kambi hapa akajenga ngome. Kwa nini hapa? Panda mnara wa Msikiti wa Taifa uliopo hapa kilimani, tazama Mengo kulikokuwa na makao ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda: ni pua na mdomo. Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipopigana, Lugard aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki yake ya rashasha ya Maxim, na Mwanga akakimbia. Habari hiyo utaisoma vitabuni, lakini ukisimama juu utaona jinsi Kabaka alivyokuwa amechunguliwa hadi uani. Geuza macho: kanisa la Namirembe la Waprotestanti lile, Rubaga la Wakatoliki kule nyuma, msikiti wa Kibuli ng'ambo ya bonde. Kila dini na kilima chake.

Ngome iliyopo leo ni nakala. Ya asili ilibomolewa kupisha msikiti. Hapo piga picha upite. Msikiti ulianza zama za Idi Amin, ukakwama alipopinduliwa 1979, ukaja kumalizwa kwa fedha za Muammar Gaddafi wa Libya, ukaitwa kwa jina lake. Jina lilibadilishwa baadaye, ila mwambie wa bodaboda "kwa Gaddafi", atakufikisha.

Usije Ijumaa mchana, watu wanaswali. Kiingilio kipo, na unapewa wa kukutembeza. Kina dada huazimwa mtandio na shuka ya kujifunga, viatu vinabaki nje. Ngazi za mnara zinazunguka na zinapita 200, kwa hiyo mwenye magoti mabovu asione haya kubaki chini kwenye kivuli.

Nenda asubuhi, moshi wa magari haujatanda. Hapo utaiona Old Taxi Park, taksi nyeupe, yaani mabasi madogo ya abiria, zimebanana hata ardhi haionekani. Kikuubo iko jirani nayo. Boda ya kurudi usichukue, ni mteremko mtupu. Simu tu iweke mfuko wa mbele.