Pale -517 Inapogeuka Kuwa -22: Maswali ya Wasomaji kuhusu Draiva

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika draiva ya Linux (programu ndogo inayoendesha kifaa) kwa ajili ya kipima joto kilichounganishwa moja kwa moja na chipu kuu. Mfumo unapowaka, draiva inashindwa kukianzisha kifaa, na logi inataja hitilafu -22, ambayo jina lake ni -EINVAL. Nikiiondoa moduli ya draiva hiyo na kuipakia tena kwa mkono muda mfupi baadaye, kila kitu kinafanya kazi. Niliona mstari uliokuwa ukirudisha -EINVAL kila mara kidhibiti volteji kilipokosekana, nikaubadili urudishe hitilafu halisi. Hata hivyo -22 bado inatokea, safari hii katika hatua ya kuomba ukatizaji (interrupt), yaani ishara ambayo kifaa huitumia kuiita draiva. Je, nicheleweshe upakiaji wa moduli, au kosa limo ndani ya draiva yenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa limo ndani ya draiva, na kuchelewesha upakiaji kutalificha tu hadi siku mpangilio wa kuwaka kwa mfumo utakapobadilika. Dalili uliyoieleza, yaani kushindwa mwanzoni na kufaulu baadaye bila kubadilisha chochote, inaashiria kwamba kuna kitu ambacho draiva yako inakitegemea na ambacho hakikuwa tayari ilipokihitaji. Linux ina utaratibu maalumu wa hali hiyo, uliomo tangu toleo la 3.4 la mwaka 2012, na msimbo wake ni -EPROBE_DEFER, ambao thamani yake ni -517. Draiva inaporudisha namba hiyo, kerneli, yaani kiini cha Linux, hukiweka kifaa katika orodha ya wanaosubiri, na kila draiva nyingine inapofanikiwa kuanzisha kifaa chake, orodha hiyo hujaribiwa tena. Lakini ukirudisha -EINVAL, maana yake ni kwamba hoja iliyotolewa ni batili, na kerneli haina sababu ya kujaribu tena jambo ambalo limeelezwa kuwa ni batili. Itaandika onyo kwenye logi na kuendelea na kazi nyingine.

Kwa hiyo mstari ulioubadili ulikuwa kosa la kweli, na ulifanya vyema kuurekebisha. Fanksheni ya kutafuta kidhibiti volteji hurudisha kielekezi (pointer), yaani anwani ya kitu kwenye kumbukumbu, na inaposhindwa, msimbo wa hitilafu hufichwa ndani ya kielekezi hichohicho, kwa kuwa kerneli imezitenga anwani 4095 za mwisho kabisa kwa ajili ya kazi hiyo. IS_ERR hukuambia kama umepewa hitilafu, na PTR_ERR hukutolea namba yenyewe. Anayeandika IS_ERR kisha akarudisha msimbo wa kujitungia anaitupa taarifa pekee aliyoletewa na tabaka la chini. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu makosa mengi ya aina hii huanzia hapo: draiva ni tarishi, na tarishi haandiki upya barua aliyokabidhiwa.

Sasa tuje kwenye ukatizaji, ambako tatizo lako limehamia. Hukuniandikia mistari yenyewe, lakini mwenendo unaoueleza unalingana kabisa na kosa moja mashuhuri, nami nakuomba uanze kwa kuangalia aina ya kigeu (variable) kinachopokea jibu la platform_get_irq, fanksheni inayotafuta namba ya ukatizaji. Fanksheni hiyo hurudisha namba ya ukatizaji ambayo ni kubwa kuliko sifuri, au msimbo hasi wa hitilafu. Iwapo kigeu kimetangazwa kuwa unsigned int au u32, aina za namba zisizo na alama ya hasi, basi hakiwezi kubeba namba hasi, na sharti la kuuliza kama thamani iko chini ya sifuri halitatimia hata siku moja. Draiva inayohudumia ukatizaji ikiwa bado haijapakiwa, platform_get_irq itarudisha -517, lakini ndani ya kigeu hicho namba itasomeka 4294966779. Ukaguzi utaipitisha bila pingamizi, kisha namba hiyo itapelekwa kwa devm_request_irq, fanksheni inayouomba ukatizaji wenyewe. Kerneli itatafuta ukatizaji wenye namba hiyo, haitaupata, na itakujibu kwa haki kabisa kwamba hoja ni batili: -22. Ujumbe wa kwanza ulikuwa "subiri", nao umefika juu ukiwa "umekosea".

Dawa ni kukitangaza kigeu kuwa int, kukikagua mara tu kinapopokea jibu, na kurudisha thamani hiyohiyo bila kuigusa. Huna haja ya kuandika ujumbe wako kwenye logi baada ya platform_get_irq, kwa sababu kerneli za sasa huuandika zenyewe. Kwa hatua nyingine, tumia dev_err_probe, iliyoingia katika toleo la 5.9 mwaka 2020. Fanksheni hiyo huandika ujumbe wa hitilafu za kawaida, hunyamaza pale ambapo sababu ni kusubiri tu, na hukurudishia msimbo uleule ulioipa, hivyo kazi yote inaisha kwa mstari mmoja. Zaidi ya hayo, sababu ya kusubiri huhifadhiwa, nawe unaweza kuisoma katika faili devices_deferred lililomo ndani ya debugfs, saraka ambayo kerneli huonyeshea taarifa za kutafutia makosa. Kama kipima joto chako kitaendelea kukosekana baada ya marekebisho, lifungue faili hilo kabla ya kukisia lolote.

Pengine utajiuliza kwa nini kompaila haikukuonya. Onyo lipo katika kompaila ya GCC, nalo ni -Wtype-limits, lakini halimo miongoni mwa yale yanayowashwa na -Wall. Limo katika -Wextra. Smatch na Coccinelle, zana za kukagua msimbo bila kuuendesha, nazo hulitambua kosa hili, na ndani ya kerneli yenyewe kuna skripti ya Coccinelle iliyoandikwa mahususi kwa ajili ya kutafuta vigeu visivyobeba namba hasi vinavyolinganishwa na sifuri.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini litakukuta punde tu baada ya kurekebisha hayo. Hadi sasa njia ya kushindwa ndani ya draiva yako ilipitiwa mara moja tu kila mfumo ulipowaka. Ukishaanza kurudisha -EPROBE_DEFER kwa usahihi, kerneli inaweza kuiita fanksheni ya uanzishaji mara kadhaa kabla haijafaulu, na chochote unachosahau kukirudisha kitasahaulika kila mara. Kama unawasha kidhibiti volteji kwanza kisha unaomba ukatizaji, basi kila unapoambiwa usubiri ni lazima ukizime kabla ya kutoka. Usipofanya hivyo, kerneli itatoa onyo pale kidhibiti kinapoachiliwa kikiwa bado kimehesabiwa kuwa kimewashwa. Mimi hupendelea kupanga hatua upya badala ya kuongeza usafishaji: tafuta kwanza vyote unavyovihitaji, yaani kidhibiti, saa ya mapigo (clock) na namba ya ukatizaji, na usiwashe kitu chochote mpaka vyote vimepatikana. Hatua ambazo hatimaye zinawasha vitu zifuatwe na lebo za goto (amri ya kuruka hadi sehemu nyingine ya msimbo) zinazovizima kwa mpangilio wa kinyume, au utumie fanksheni za devm zinazosafisha zenyewe.

Ukitumia goto, hakikisha kwamba kila tawi limekipa kigeu cha matokeo thamani hasi kabla ya kuruka. Ni rahisi mno kuandika ukaguzi wa hatua isiyorudisha msimbo, mathalani kusoma namba ya utambulisho wa chipu na kukuta siyo inayotarajiwa, kisha ukaruka kwenda kwenye usafishaji huku kigeu kikiwa bado na sifuri ya hatua iliyotangulia. Fanksheni itasafisha kila kitu na kutangaza kwamba imefaulu. Kerneli itaamini kwamba kifaa kimeanzishwa, na siku utakapoiondoa moduli, itajaribu kuzima vitu vilivyokwisha kuzimwa. Katika tawi hilo andika -ENODEV waziwazi, kwa kuwa hapo draiva yako ndiyo shahidi wa kwanza wa tatizo na hakuna msimbo wa chini wa kuubeba.

Ili kuyathibitisha marekebisho, usitegemee bahati ya mpangilio wa kuwaka. Izuie draiva ya kidhibiti volteji isipakiwe, washa mfumo, angalia kwamba kipima joto kimeingia katika orodha ya wanaosubiri, kisha ipakie na uone kama kipima joto kinajitokeza chenyewe.

SWALI: Mhariri, draiva yangu inatuma amri kwa kifaa na kusubiri jibu kwa wait_for_completion_timeout. Nikichomoa waya, programu haipati hitilafu yoyote bali inaendelea kusoma thamani ya mwisho kana kwamba ni mpya. Nimeweka ukaguzi wa matokeo yaliyo chini ya sifuri.

JIBU: Fanksheni hiyo haifuati desturi ya namba hasi. Hurudisha sifuri muda unapokwisha, na jibu linapowahi hurudisha muda uliobaki, kwa aina ya namba isiyobeba hasi, kwa hiyo ukaguzi wako hautimii kamwe. Uliza kama matokeo ni sifuri, na ikiwa ni hivyo urudishe -ETIMEDOUT. Usiyarudishe matokeo yenyewe kwa aliyeita, kwa sababu sifuri yake ingesomeka kuwa mafanikio. Ukihitaji mtumiaji aweze kukatisha kusubiri, dada yake wait_for_completion_interruptible_timeout ana majibu ya namna tatu: hasi akikatishwa, sifuri muda ukiisha, na chanya akifaulu. Hapo utahitaji kigeu cha aina ya long na ukaguzi wa mara mbili, na ile thamani hasi uipitishe juu kama ilivyo.