Kampuni ikileta tableti shuleni kwenu, uliza haya maswali kabla ya siku ya picha

Wazazi wenzangu wa Nairobi, leo nataka tuongee hii maneno ya kampuni kuletea shule zetu teknolojia, manake naona wengi wetu tunakubali tu juu ni ya bure. Mimi niko kwa chama cha wazazi cha shule moja ya msingi ya serikali huku Eastlands, mikutano yao nimekaa, nimeona wageni wakikuja na hema na tisheti, na nimeona pia kile kinabaki wakishaenda. Msimamo wangu ni huu, kampuni ikiamua kusaidia shule isaidie mpaka mwisho, na sisi wazazi tuna haki ya kuuliza huo mwisho ni lini. Teknolojia mimi naipenda sana, nataka mtoto wa Kayole ashike kompyuta mapema kama mtoto wa Lavington, na ndio maana inaniuma nikiona tableti nzuri zimefungiwa kwa kabati.

Wacha niwaeleze hiyo kabati. Iko ofisini kwa deputi, ni ya chuma, kufuli mbili, na ndani kuna tableti zimepangwa vizuri kila moja na stika ya kampuni mgongoni. Zilipoletwa zilikuwa zinafanya kazi sawasawa, watoto wa gredi ya 4 walikuwa wanazingojea hata kuliko chakula cha mchana. Muhula uliofuata shida zikaanza kuja mojamoja. Ile ofisi ina soketi mbili tu na moja ni ya printa, kwa hivyo kuchaji zote inabidi uunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni, na stima yenyewe ni ya tokeni, ikiisha katikati ya wiki mnangoja mpaka pesa ipatikane. Chaja zikaanza kupotea. Halafu yule mwalimu aliyefunzwa na watu wa kampuni, ule ndio alikuwa na paswadi ya kufungua zote, TSC, ile tume inayoajiri walimu, wakampa uhamisho akaenda kaunti nyingine, na paswadi haikuwa imeandikwa mahali popote. Tukapiga ile nambari ya afisa wa kampuni, tukaambiwa alishaacha kazi hapo. Mwisho kabisa masomo yenyewe yakajifunga, ukifungua programu inakuambia weka nambari ya leseni, kumbe leseni ilikuwa ya mwaka mmoja na wazazi hatukuwa tumeambiwa hata siku moja.

Ukiangalia vizuri hapo hakuna shida kubwa. Zote zilikuwa zinataka mtu mmoja anayejulikana na pesa kidogo ya kila muhula. Lakini hiyo pesa kidogo shule itaitoa wapi? Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima, na hiyo ndio inangojewa ilipe maji, inunue chaki, irekebishe choo. Mtu anayekuletea mashine inayokula stima na bando bila kukuletea njia ya kuilipia amekuachia bili.

Na si kampuni peke yao. Mnakumbuka ahadi ya laptopu za darasa la kwanza mwaka 2013, ikaja kuanza 2016 ikiwa tableti, zaidi ya milioni moja zikasambazwa shule za msingi nchi nzima. Mimi nikiulizwa ni nini ilisaidia zaidi kwa ule mpango nitasema ni stima, juu shule nyingi ziliunganishwa stima ndio hizo tableti ziweze kuchaji, na mpaka sai kuna shule hizo nyaya zinafanya kazi kila siku na tableti zenyewe zilishalala. Hapo ndio utajua kitu cha msingi kinadumu kuliko kitu cha kupigwa picha.

Kwa hivyo swali la kwanza, na liulizwe kwa mkutano mbele ya kila mtu, ni mwaka wa pili na wa tatu nani analipa. Analipa stima, analipa bando, analipa leseni, analipa fundi. Usikubali jibu la "tutaangalia." Mwambie aandike. Alafu uliza masomo yaliyo ndani kama yanafunguka bila intaneti, manake kama kila somo linataka bando basi hiyo tableti itatumika siku ya wageni peke yake. KICD, ile taasisi ya serikali inayotengeneza mtaala, wako na masomo yao ya kidijitali, na wakati shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona watoto wengi wa huku kwetu walifuata vipindi kwa redio, kwa hivyo msidanganyike ati bila programu ya kulipia mtoto hawezi kusoma.

Swali la pili ndilo wazazi wengi hawaliulizi na mimi ndilo linaninyima usingizi. Habari za watoto wetu zinaenda wapi? Angalia ile fomu vizuri siku ingine ikiletwa. Jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya cheti cha kuzaliwa, simu ya mzazi, kazi ya mzazi, mtaa. Sasa programu ya kufundisha hesabu inataka kazi yangu ya nini? Kuna mama wa darasa letu alijaza moja ya hizo fomu, haikupita muda akaanza kupokea mesej za kuuziwa vitu vya watoto, zinamtaja mtoto wake kwa jina na gredi. Alikuja akiwa ameshtuka, ananionyesha simu, ananiuliza hawa watu wamemjuaje mtoto wangu. Sikuwa na la kumjibu siku hiyo zaidi ya kwenda na yeye kwa mwalimu mkuu tukaomba nakala ya ile fomu.

Sheria iko, na ni nzuri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema habari za mtoto haziwezi kushughulikiwa bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata ukitoa idhini lazima iwe ni kwa faida ya huyo mtoto. Hii si sheria ya kukaa tu kwa vitabu, mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja ya pale Uthiru faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Mwaka huohuo tuliona watu wamepiga foleni KICC wapigwe picha za macho na Worldcoin, ule mradi wa pesa za kidijitali, ndio wapate kama shilingi 7,000 hivi, serikali ikasimamisha Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru hizo data zifutwe. Ile foleni ilikuwa ya watu wazima wenye akili zao, walikuwa na njaa na ahadi ilikuwa ya haraka. Mtoto wa miaka tisa atajitetea vipi?

Kwa hivyo mimi fomu siku hizi naijaza hivi na nawashauri mfanye vilevile. Pale chini naandika kwa kalamu: nakubali mtoto wangu atumie kifaa hiki shuleni, sikubali picha yake itumike kwa matangazo, sikubali nambari yangu ipewe mtu mwingine, na akitoka shule hii habari zake zifutwe. Naweka sahihi na tarehe, alafu napiga picha hiyo karatasi kwa simu. Hakuna mwalimu amewahi kunikatalia. Na ukiona imekiukwa andikia kwanza shule na kampuni, wasipokujibu peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data, unaweza kupeleka mtandaoni, na sheria inawapa siku 90 za kumaliza uchunguzi wao.

Sasa niingie kwa jambo ambalo wengine wataniambia halihusiani na shule, na mimi naona ndio kiini. Hizi kampuni zinaita msaada wao wajibu kwa jamii. Sawa. Lakini jamii ni nani? Kwa shule yetu kuna wazazi wanafanya kibarua Industrial Area, wanaingia saa moja asubuhi, wanalipwa kwa siku, wengine kupitia wakala ambaye anakata yake kwanza, na malipo yakichelewa wiki mbili mtoto anakosa pesa ya lanchi. Kuna baba mmoja mtoto wake alirudishwa nyumbani juu ya mchango, na siku hiyohiyo godauni analofanyia kazi lilikuwa limetuma watu shuleni kwetu na sanduku za vitabu. Vitabu ni vizuri, tulishukuru na vinasomwa. Lakini yule baba angelipwa kwa wakati na kwa mkataba unaoeleweka, mtoto wake angekuwa darasani kuvisoma.

Teknolojia nayo ni hivyohivyo. Nairobi hii ndio vijana walikuwa wanakaa mbele ya kompyuta wakisoma na kuchuja mambo mabaya kabisa ya mtandaoni ndio mitandao mikubwa ya Marekani ibaki safi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, mmoja wa waliofanya hiyo kazi, alipeleka Meta wenye Facebook, na Sama, kampuni iliyomwajiri, mahakamani hapahapa, Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Na Januari 2023 iliripotiwa kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliosaidia kusafisha maandishi ya ChatGPT walikuwa wanalipwa chini ya dola mbili kwa saa. Tunawaambia watoto wasome kompyuta ndio wapate kazi nzuri, na kazi yenyewe ya kompyuta ikija inakuja hivi. Kwa hivyo mkutano ukifika ule wakati wa maswali, uliza kampuni inalipaje watu wake, na walio chini ya wakala wanalindwa vipi. Mara ya kwanza niliuliza watu waligeuka wakaniangalia, lakini afisa alijibu, na jibu lake liliandikwa kwa kumbukumbu za mkutano.

Kuhusu vifaa vikizeeka nitasema kwa ufupi. Betri ya tableti ikifura ni hatari, usiache ikae kwa kabati na watoto wako karibu, na usitupe kwa takataka juu mwisho wake ni jaa la taka la Dandora ambapo kuna watoto wa wenzetu wanaokota. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inamwekea anayeingiza bidhaa nchini wajibu wa kushughulika nayo ikishakuwa taka. Iandikwe kwa mkataba kwamba kikiharibika wanakuja kukichukua. Na kampuni ikiwaletea kompyuta kuukuu zilizotoka kwa ofisi zao, ziwashwe kwanza mbele yenu kabla ya mtu yeyote kuweka sahihi.

Nisiseme mabaya tu, kuna wale wamefanya vizuri. Kuna duka la vifaa vya stima huko Luthuli lilitusaidia na kompyuta chache tu, hakukuwa na hema wala spika, lakini fundi wao anakuja kila muhula ukifunguliwa. Ako na daftari ya kawaida ya kurasa 96 inakaa kwa deputi, anaandika tarehe, nambari ya kompyuta, shida ilikuwa gani, amefanya nini, alafu mwalimu anaweka sahihi. Paswadi zote ziko ukurasa wa mwisho ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Walimu wanne wamefunzwa, si mmoja, na mmoja wao ni wa gredi za chini. Hizo kompyuta zinatumika mpaka leo, na mimi nikiitwa kushauri shule nyingine naenda na picha za hiyo daftari kwa simu.

Na mzazi ambaye shule yenu haijapata chochote, usingoje kampuni. Maktaba ya Kaloleni na ya Makadara zilikarabatiwa na Book Bunk, shirika la kufufua maktaba, wakishirikiana na kaunti, ni mahali pazuri pa mtoto kukaa Jumamosi na vitabu, na ukitaka kubwa zaidi kuna Maktaba Kuu ya taifa Upper Hill. Enda na yeye mara ya kwanza akuone ukiingia.

Wengi huniuliza, sasa tukiuliza hayo yote kampuni si itakasirika iende shule nyingine? Inaweza. Kwetu kuna moja ilienda, na kuna ingine ilichukua karatasi yetu ya maswali ikarudi baada ya wiki kadhaa na mkataba wa miaka mitatu, fundi ndani, tokeni za stima ndani, leseni ndani, na kifungu kizima cha habari za watoto. Tuliusoma kwa Kiswahili kwa mkutano, mwalimu akitafsiri mstari kwa mstari, wazazi wakauliza mpaka saa nane, ndio mwenyekiti akaweka sahihi.