MF 135 iliyojam: usiivute na trekta jingine

Mkuu umeuliza kama trekta la Massey Ferguson (MF) 135 lililojam injini kwa kukaa nje livutwe na trekta jingine ili injini izunguke. Hapana, kuivuta ikiwa kwenye gia ndo njia ya haraka ya kupinda konrodi (fimbo inayoshika pistoni) au kupasua pistoni, hasa kama maji yaliingia kupitia bomba la moshi. Iliyokaa nje miaka mingi kawaida ringi za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu, inataka subira sio nguvu. Toa nozeli (za kupulizia dizeli) zote 3, mimina kwenye kila tundu oili ya gia otomatiki (ATF) uliyochanganya na asetoni nusu kwa nusu, mbali na moto maana asetoni inawaka vibaya, ukikosa hata dizeli na oili nyepesi inasaidia, acha wiki nzima huku unaongezea ikishuka. Halafu weka gia huru, toa stata (mota ya kuwashia), tumia bari ya chuma kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini linalozungushwa na stata), sogeza kidogo mbele kidogo nyuma, ikigoma acha iloweke tena, usipande juu ya hiyo bari wala kuirefusha kwa mabomba.

Ikishazunguka rudisha stata, ipige nozeli zikiwa bado nje, na usimame pembeni maana ile oili uliyomimina inaruka kama risasi, ukiiacha ndani inaweza kukunja konrodi au injini ikakimbia yenyewe. Mwaga na oili ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), weka mpya.

Hii ni kwa kutu tu lakini. Kama ilizima ikiwa kazini kwa kukosa oili, hapo beringi zimeungua, fungua injini.