Kabla hujafika ukingo wa Elgon

Vijana wa Kisumu na Nakuru wanakuja kwa makundi kupanda Elgon, na mimi hufurahi kila nikiwaona. Ninyi mnaokuja mara ya kwanza, nina neno nanyi kabla hamjafunga mabegi.

Mlima huu unaonekana mpole. Umelala, umetanuka, na barafu iliyochonga mabonde yake ya juu iliyeyuka zamani sana. Upole huo ndio unaowaponza watu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Ukipita Chorlim, lango la hifadhi upande wa Kenya, asubuhi, gari likakufikisha mwisho wa barabara, karibu mita 3,500, mchana huohuo unashuka garini ukiwa mzima, unacheka na kupiga picha. Mwili bado uko Kisumu. Usiku kichwa kitagonga, chakula kitakataa kushuka, na usingizi utakuwa wa kushtuka-shtuka.

Basi lala usiku wa kwanza chini, karibu na lango. Kesho yake panda kwa miguu, polepole, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza bila kuhema. Ukishapita mita 3,000, usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana. Wengi hulalamika kwamba hili linaongeza siku na gharama. Linaongeza kweli, na mimi sioni pa kupunguza.

Mwenzako akiumwa kichwa, pumzikeni hapo hapo, msiendelee kupanda. Akianza kutapika, au kuhema akiwa ameketi, au kuyumba, mwambieni atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, au akiwa anahema hali ameketi, ashuke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake. Dawa ya maumivu itamtuliza kichwa tu. Kinachomwokoa ni kushuka. Wanaonyamaza ndio wa kuchungwa zaidi, hasa wale vijana wenye nguvu ambao wanaona haya kusema.

Nguo: acha fulana za pamba nyumbani, zikilowa hazikauki. Koti la mvua na sweta la sufi ni lazima hata Januari, maana juu kule mvua ya mawe haina msimu. Mtu aliyelowa kwenye upepo anaweza kufa kwa baridi bila maji kuganda popote.

Panga kuwa umeanza kushuka kutoka kilele cha Koitoboss kabla ya saa sita mchana. Baadaye mawingu hupanda, radi hupiga ukingoni, na ukungu hufunika njia. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Wengi tumefundishwa kwamba ukipotea, fuata mto. Ukiteremkia upande wa ndani, kwenye kasoko, yaani shimo kubwa la volkeno lililozungukwa na ukingo, mto utakaoukuta ni Suam, nao hutoka humo kupitia korongo refu lenye kuta kali, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kwa hiyo ukungu ukishuka, kusanyikeni, vaeni kila kitu, kuleni, mngoje upasuke. Usiondoke kwenye njia kutafuta mkato, na usimwache askari wa wanyamapori nyuma kwa sababu anatembea taratibu. Anajua nyati walikopita asubuhi, na wewe hujui.