Ukiwa na PKU na unataka kubeba mimba

Swali la kwanza huwa: mtoto ataurithi? Mara nyingi hapana, maana fenilketonuria (PKU), ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja fenilalanini, kijenzi kimojawapo cha protini, huhitaji jeni yenye kasoro kutoka kwa baba pia. Hatari yenyewe iko kwenye damu ya mama. Kondo la nyuma husukuma fenilalanini kwa mtoto hadi kiwango chake katika damu ya mtoto kizidi cha mama, na mama anaweza kujiona mzima kabisa huku kichwa cha mtoto kikidumaa na moyo ukiumbika vibaya.

Moyo huo huumbika ndani ya wiki 8 hivi za mwanzo, pengine hujajua hata kama una mimba. Kwa hiyo lishe yenye fenilalanini kidogo huanza mapema: fenilalanini ikae kati ya maikromoli 120 na 360 kwa lita kwa miezi 3 hivi, ndipo uache uzazi wa mpango. Mimba ikija bila kupangwa, piga simu kliniki siku hiyohiyo.

Gramu 1 ya protini ina takriban miligramu 50 za fenilalanini, basi chakula kipimwe kwa mizani, jicho hudanganya. Unga wa protini usio na fenilalanini ugawe mara 3 au 4 kwa siku.

Damu ipimwe kila wiki au mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Nawa mikono, kausha, toboa ubavuni mwa kidole, futa tone la kwanza. Tone linalofuata lijaze duara la kadi ya kupimia damu hadi lionekane upande wa pili. Usiongeze tone juu ya tone, majibu yataharibika.

Kichefuchefu ndicho adui mkubwa. Usipokula, mwili huvunja misuli yake na fenilalanini hupanda ingawa hukugusa nyama. Kunywa unga wa protini uliokorogwa ukiwa baridi, kidogokidogo, na uongeze nguvu kwa mafuta na wanga usio na protini. Dawa ya kuzuia kutapika omba mapema.

Kuanzia wiki ya 20 hivi mambo hugeuka: mtoto anakua, anatumia fenilalanini zaidi, kipimo kinashuka. Wengi hufurahi, wakaendelea kujibana. Ni kosa, kwani ikipungua mno mtoto hakui vizuri. Ongeza protini kidogokidogo kwa maelekezo ya mtaalamu wa lishe, na usisahau kupima tairosini, kijenzi kingine cha protini.

Ukishajifungua, nyonyesha. Mtoto asiye na PKU huimudu fenilalanini ya maziwa yako, ila naye atobolewe kisigino apimwe.