Kazi yangu haipandi meli

Mwanangu,

Nimekawia kukujibu kwa sababu nlitaka kwanza nizungumze na mjomba wako, maana mambo ya kodi yeye ndo ameyafanyia kazi umri wake wote na mie sikutaka nikuandikie maneno ya kubahatisha.

Unaniuliza kwa nini hii kampuni yako ya Marekani, ambayo hata haijakuajiri, inakulipa kwa mkataba tu ukimaliza kazi unatuma bili, imekukatalia kwenda Muscat miezi mitatu ukakaa na shangazi yako baada ya yeye kupasuliwa goti huku unaendelea na kazi zako. Laptop ile ile, kazi ile ile, wao wako California na wewe uko Mbweni, ukiwa Muscat saa zinatofautiana na zetu kwa saa moja tu. Unasema, mama, mimi si mfanyakazi wao, wananizuia kwa lipi?

Nimeisoma ile imeli yao uliyonitumia. Mistari miwili. Haturuhusu kufanya kazi nje ya nchi iliyoandikwa kwenye mkataba, ahsante. Basi. Mie sikukasirika kwa katazo, nlikasirika kwa ile ahsante iliyokaa pale pasipo na sababu.

Kisa cha kofia unakijua kwa juu juu, hujawahi kukisikia chote. Tulikuwa tunakaa Kikwajuni, dada yako anatambaa, nashona kofia za mkono kwa tajiri mmoja wa Darajani. Yeye anatoa kitambaa kishachorwa viua na uzi, mie nashona nyumbani, kofia ikimalizika ananilipa. Hakunipangia saa, hakuniuliza nashonea ukumbini au barazani. Bibi yako akaumwa kule Wete, ukapita ujumbe kuwa nimuwahi. Nikaenda kwa tajiri nikamwambia nakwenda Pemba, kofia niliyonayo naimalizia huko, nipe na nyengine, nazirudisha kabla ya Idd. Akanitazama akasema, "Kazi yangu haipandi meli." Nikamuuliza kwa nini, akageuka akaendelea kukunja vitambaa vyake. Mtu nimemshonea miaka, sijapoteza hata uzi!

Nikamrudishia ile kofia, imebaki kidogo tu kumalizika, na ilikuwa na ua nililolibuni mwenyewe, majani matatu yamelala upande mmoja, hakuna mwengine aliyekuwa akilishona. Nikapanda meli mikono mitupu. Bibi yako Alhamdulillahi aliinuka, na siku ya Idd pale Wete watu wanatoka msikitini nikaiona kofia yangu kichwani kwa bwana mmoja simjui, majani matatu, na pale palipomaliziwa na mkono wa mtu mwengine naona kabisa uzi umevutwa sana. Kofia ilivuka bahari, mie niliyeishona ndo nliambiwa nisivuke nayo. Mpaka leo nikilikumbuka moyo unapanda.

Ndo maana nnakwambia na ntazidi kukwambia, anayekukataza akupe sababu. Awe tajiri wa Darajani awe wa California.

Sasa hizo sababu. Mjomba wako anasema kampuni haiogopi kodi yako wewe, inaogopa yake. Mtu wao akikaa nchi fulani akawa anazungumza na wateja na kufunga mikataba kwa niaba yao, serikali ya pale inaweza kusema nyie mna biashara hapa, leteni kodi ya faida. Na kila nchi ina hesabu yake ya siku, kwetu ukikaa siku 183 katika mwaka ushakuwa mkaazi wa kodi, na nchi nyingi zinatumia namba hiyo hiyo. Nikamwambia lakini mwanangu hafungi mkataba na mteja yeyote, anaandika programu tu, na Oman mpaka sasa haikati kodi ya mapato ya mtu binafsi, ile sheria yao mpya inaanza 2028, nayo ni 5% kwa wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka. Akanyamaza, kisha akasema kweli, kwa miezi mitatu la kodi ni jepesi. Ila kampuni haitaki kukaa ikihesabu siku za kila mtu na kusoma sheria za kila nchi, walishaichunguza Tanzania siku ile unaweka saini, ukajaza na ile fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, ukasema unakaa Tanzania, wamefunga faili. Ukenda Oman unawafungulia faili jengine, kwa hiyo wanaona bora wakataze wote.

Halafu kuna viza. Viza ya kutembelea haigeuki kibali cha kazi eti kwa kuwa anayekulipa yuko mbali.

Lakini lililonishtua ni hili la usalama. Tangu 2022 serikali ya Marekani inazionya kampuni zao kuhusu watu wa Korea Kaskazini wanaojifanya mafundi wa kompyuta wa nchi nyengine na kuchukua kazi za mtandaoni. 2025 mwanamke mmoja wa Arizona alihukumiwa miaka minane na nusu jela, alikuwa anaweka laptop za kampuni nyumbani kwake ili ionekane wafanyaji kazi wako Marekani, na kampuni zaidi ya 300 zilidanganyika. Sasa fikiria laptop yako wewe, jana iko Unguja leo inaamkia Muscat bila ya taarifa, wao wataona nini? Kwa hiyo lile ulilosema kuwa utawasha VPN, hiyo programu ya kuficha uko wapi, na hawatajua, nakuomba kwa haki ya baba yako usilifanye. Utakuwa umewapa sababu ambayo leo hawana.

Ila na mie sikubali yote. Mtu wa mkataba ni mtu huru, na mjomba wako mwenyewe amekiri kuwa kampuni ikizidi kumpangia mtu akae wapi na afanye saa ngapi, kwenye nchi nyingi mahakama inaweza kusema huyo si mtu wa mkataba, huyo ni mwajiriwa, mpeni haki zake. Hapo una hoja na hoja nzito. Lakini hoja nzito hailipi kodi ya nyumba ukishavunjiwa mkataba, na mie nalijua hilo. Halafu namfikiria shangazi yako, aliyetulea sote mwaka ule baba yako amelala hospitali, hakuuliza sababu yeye, alipanda ndege akaja. Kisha nawafikiria wanao na ada ya skuli. Nakwenda na kurudi hivyo usiku kucha.

Unataka nikwambie nenda au usende. Ukinibana sana ntasema, na unajua ntasema nini, kwa hiyo usinibane. Waandikie Jumatatu uwaulize ni lipi khasa kati ya haya, kodi, viza au laptop. Wape tarehe ya kwenda na ya kurudi. Waambie huna mteja unayezungumza naye. Wakisema ni laptop, waulize kama unaweza kuiacha hapa ukachukua mwezi mmoja bila malipo, na hilo wakujibu kwa maandishi. Wakikurudishia tena mistari miwili, nipigie kabla hujajibu kitu.

Shangazi yako nimemwambia asikate tiketi bado.

Mama yako