Maswali yenu kuhusu 2,147,483,647

Safari iliyopita niligusia kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Ujumbe umenimiminikia, nami najibu minne.

*Namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Sasa nani alikaa akaigawa hii kwa namba zote? – Mwanafunzi wa kidato cha pili, Iringa*

Hakuna, mwanangu, wala haihitajiki. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha hii hakifiki 46,341. Tena unajaribu namba tasa peke yake: kama 2 imeshindwa kuigawa, 4 na 6 za nini? Hata hivyo zinabaki karibu 4,800, kazi ya kumaliza madaftari.

Bahati nzuri namba hii ina asili yake: ni 2 kwa kipeo cha 31, ukatoa 1. Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi Urusi, alijua kwamba kwa sababu ya hiyo 31, kigawo tasa chochote kikigawanywa kwa 62 lazima kibakize 1, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Masharti hayo mawili yanafagia karibu zote. Ya kwanza kupenya ni 311. Jaribu: utapata 6,905,092, baki 35. Haikuigawa, wala zilizofuata hazikuigawa, na ushahidi wake ukachapishwa mwaka 1772. Wakati huo Euler alikuwa karibu haoni kabisa. Wewe una macho mawili na kikokotoo kwenye simu ya baba.

*Mchezo wa simu wa kijana wangu umegoma. Sarafu zimefika 2,147,483,647, hazipandi tena. Kaniharibia simu? – Mama mwenye duka, Mwanjelwa, Mbeya*

Simu nzima, mama. Aliyetengeneza mchezo aliitengea hesabu hiyo biti 32, yaani vinafasi 32 vya kuandikia 0 au 1. Moja inaonyesha kama namba ni chanya au hasi. 31 zilizobaki zikijaa zote, ndipo hapo zinapofika. Programu nyingine ukiziongezea 1 tu huporomoka hadi hasi 2,147,483,648, kwa hiyo kijana ashukuru amegomewa.

Lenye uzito ni hili: mifumo mingi ya zamani ya kompyuta huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti hizo hizo 32. Hesabu itajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Kama dukani unatumia programu ya siku nyingi, muulize fundi wako mapema.

*Je, kila kipeo tasa cha 2, ukitoa 1, hutoa namba tasa? Na hii ndiyo kubwa kuliko zote? – Mwalimu, Tukuyu*

Hapana kwa yote mawili, Mwalimu. Kipeo cha 11 kinatoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Na namba tasa hazina mwisho. Kubwa inayojulikana iliyotangazwa Oktoba 2024 ina kipeo cha 136,279,841, na tarakimu zake ni 41,024,320. Mhariri asingenipa nafasi.

*Zingekuwa shilingi, kikundi chetu cha watu 30 tungegawanaje? – Mwanakikundi, Mafinga*

Kila mmoja 71,582,788, zinabaki 7. Msihangaike kuongeza au kupunguza wanachama: hata mkiwa 29 au 500, hazitagawanyika sawasawa. Labda achukue zote mtu mmoja, na najua mweka hazina atajitolea. Zile 7 mwachieni yeye; hazinunui hata pipi.